Wabeba mpira wa Bears, baba yangu hamali, na goti langu la kushoto

Usiku wangu wa tatu kazini, kwenye ghala la vifurushi huko Chicago, Novemba 2008, nilikuwa nimejaza nusu ya treila kabla ya saa saba ya usiku. Nilikuwa na miaka 26, nimetoka Mombasa mwezi wa nane, na nilitaka msimamizi anione. Vifurushi vilimiminika kwenye mkanda nami nikavidaka viwili viwili, nikavipachika ukutani, nikarudi mbio kuchukua vingine. Mlango wa pili alikuwako mzee mmoja mweusi, mrefu, umri wa miaka sitini hivi, amevaa glavu zilizokatwa vidole. Alibeba kama mtu anayeswali: anapiga goti, anakumbatia boksi, anainuka mgongo wima, hatua mbili, anaweka. Sikumwona akiharakisha hata mara moja. Kufika mapumziko ya saa tisa treila zetu zilikuwa sawa. Kufika saa kumi na moja alfajiri yake imejaa hadi mlangoni, na mimi niko chini kwenye sakafu, mapaja yanatetemeka yenyewe.

Akaja akanisimamia na kikombe chake cha kahawa. "Kijana," akaniambia, "wewe unakimbia kama Gale Sayers. Hapa panataka Walter Payton."

Sikumjua hata mmoja kati ya hao wawili. Mpira nilioujua mimi ni wa miguu. Futiboli ya Kimarekani niliiona kwenye televisheni ya chumba cha kulia kazini, nikaidhania ugomvi wa watu waliovaa magodoro. Mzee akachukua kifuniko cha boksi na kalamu ya wino mzito, akanichorea. Huyu hapa katikati ni kwotabeki, ndiye anayepewa mpira mwanzo. Akitaka anaurusha mbali. Asipotaka, anamkabidhi mkononi mwenzake aliyesimama nyuma. Huyo wa nyuma ndiye ranibeki. Anaukumbatia mpira tumboni na kupita nao katikati ya watu kumi na mmoja ambao wameajiriwa wamwangushe. Timu ina nafasi nne za kusogea yadi 10. Wakizitimiza, wanahesabiwa upya. Kwa hiyo huyu mtu anabeba, anaangushwa, anainuka, anabeba tena, jioni nzima.

Nikamwambia, "Huyo ni hamali."

Sikuwa na neno la Kiingereza la hamali lililonitosha, ikabidi nieleze. Baba yangu alivuta mkokoteni Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini, kutoka Bandari ya Kale hadi Marikiti, na pale mkokoteni usipopita, kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, alitwaa gunia begani. Gunia la kilo 90. Alikuwa na sugu juu ya bega la kulia, gumu kama kisigino, na sisi watoto tulikuwa tukiligusa kwa kidole tukidhani kila baba analo. Alilipwa kwa gunia. Ukiumwa hulipwi, mvua ikinyesha hulipwi, jahazi lisipoingia hulipwi.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika kwenye kile kifuniko namba mbili, 40 na 34, akanikabidhi kama mtu anayempa mwanafunzi daftari. Arobaini ni jezi ya Sayers. Thelathini na nne ni ya Payton. Timu ni Chicago Bears.

Kwa miaka saba iliyofuata nilisomeshwa historia ya wabeba mpira wa timu moja, kwa mafungu ya dakika kumi na tano kila usiku, na mwalimu ambaye hakuwahi kucheza hata siku moja. Familia yake ilihama kutoka Mississippi yeye akiwa mdogo, wakapanda treni ya Illinois Central kama maelfu ya watu weusi wa kusini waliokuja Chicago kutafuta kazi. Baba yake alibeba nyama kwenye machinjio. Nadhani ndiyo maana neno hamali lilimwingia haraka.

Alianza na Sayers, kwa kuwa Sayers ni wa ujana wake. Bears walimchagua mwaka 1965 kutoka Chuo Kikuu cha Kansas, na msimu wake wa kwanza akafunga tachidauni 22, yaani mara 22 kuufikisha mpira mwisho wa uwanja upande wa adui. Siku ambayo Mzee hakuchoka kuirudia ni Desemba 12, 1965, uwanja wa Wrigley Field, matope hadi vifundoni, wachezaji wa San Francisco wanateleza kama kuku kwenye sakafu ya sabuni, na Sayers anafunga tachidauni 6. Matokeo 61 kwa 20. Miaka hiyo mechi za nyumbani hazikuonyeshwa kwenye televisheni za mji wenyewe, basi Mzee, mvulana wa miaka 17, aliisikiliza kwenye redio jikoni kwa mama yake, na kila alipoisimulia aliinua mguu kwa uangalifu, kama anayeogopa kuteleza yeye. Sayers hakugongana na watu. Aliwapita. Alikuwa na namna ya kukata kona akiwa kwenye mbio kamili, mwili unaelekea huku na miguu imeshaelekea kule.

Halafu Mzee alikuwa akinyamaza, anakunja kidole na kugonga goti lake mara mbili. Novemba 1968, goti la kulia, kano zimekatika. Sayers akarudi mwaka uliofuata, akaongoza ligi nzima kwa yadi 1,032, tena bila ile kasi ya zamani, akipenya kwa akili na ukaidi. Mwaka 1970 likaenda goti la kushoto. Basi. Mechi 68 kwa jumla, mpira mikononi mara 991, yadi 4,956. Walimwingiza kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo mwaka 1977 akiwa na miaka 34, kijana kuliko yeyote kabla yake. Umri ambao mwenye duka anaanza kupata wateja wa kudumu, yeye ameshawekewa sanamu.

Aliyemsaidia Sayers kurudi baada ya goti la kwanza alikuwa mbeba mpira mwenzake, Brian Piccolo, mzungu, aliyepangwa naye chumba kimoja safarini wakati ambapo jambo hilo lilikuwa halijafanyika Bears. Yeye ndiye aliyepaswa kufurahia lile goti, kwa kuwa nafasi ilikuwa yake sasa. Akamkera, akamtania, akamsukuma afanye mazoezi. Juni 1970 Piccolo akafa kwa saratani, miaka 26. Mzee alikuwa akisema hawa wawili ndio waliomfundisha mama yake kuuangalia mpira. Na kabla yao alikuwako Willie Galimore, ambaye wazee wa Chicago wakimtaja hupunguza sauti: miaka saba ya mbio za kuteleza kama nyoka, ubingwa wa 1963, kisha ajali ya gari Julai 1964 karibu na kambi ya mazoezi huko Rensselaer, Indiana, akafa pamoja na mwenzake Bo Farrington. Nilipouliza alikuwa mzuri kiasi gani, Mzee akanijibu, "Bado tunamlia, unauliza nini?"

Payton ndiye aliyetumia miezi mingi zaidi kunisimulia. Mwana wa Columbia, Mississippi, kwao kwa Mzee, aliyesoma Jackson State, chuo cha watu weusi. Alichaguliwa 1975. Na hapa Mzee alipenda kunishika bega: mechi ya kwanza kabisa ya Payton kwa Bears, alipewa mpira mara nane. Alipata yadi ngapi? Sifuri. Mara nane kugongwa, na mwisho wa siku yuko palepale alipoanzia. Mimi wiki ile nilikuwa nimepewa onyo kwa kuvunja boksi la vioo, na hiyo sifuri ilinifaa kuliko nasaha yoyote.

Miaka 13 Payton alikosa mechi moja tu, nayo katika mwaka wake wa kwanza. Novemba 20, 1977, akiwa na mafua makali, alikimbia yadi 275 dhidi ya Minnesota, rekodi ya mechi moja kwa wakati ule, na Bears wakashinda 10 kwa 7 kana kwamba hakuna mwingine aliyecheza. Oktoba 7, 1984, pale Soldier Field, alipita yadi 12,312 za Jim Brown, na alipoacha alikuwa na yadi 16,726. Alijiandaa kwa kupanda kilima kimoja huko Arlington Heights, kaskazini-magharibi ya Chicago, juu na chini, kiangazi kizima, na wachezaji wengine walioalikwa wapande naye walitapika njiani. Kilima chenyewe kilikuwa dampo la taka. Leo ni uwanja wa gofu. Mkufunzi wake wa chuoni alimwekea kanuni: ikiwa lazima upigwe, basi mpigaji naye akumbuke. Kwa hiyo alipobanwa kwenye mstari wa pembeni, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hutoka nje salama, yeye aligeuka akamwendea adui kwa mkono ulionyooka.

Nami nikachukua kilima kile kama sala. Nikajifunza kupiga goti, kukumbatia, kuinuka mgongo wima. Nikaacha kubeba viwili viwili. Nikajivunia kutokukosa hata usiku mmoja, mwaka 2009 wote, 2010 wote. Kifua kikinibana nakwenda. Mtoto amelazwa nakwenda. Nilikuwa najiita Payton moyoni, aibu kuisema leo.

Siku moja nilifanya hesabu kwenye simu wakati wa kahawa. Yadi 16,726 ni kilomita 15 na mita mia tatu hivi. Nikatulia. Hiyo ni kama kutoka mjini Mombasa hadi Mtwapa. Mtu mwenye afya anaenda kwa miguu asubuhi moja, akifika anakunywa madafu. Payton alichukua miaka 13, akaifikisha kwa mara 3,838, na karibu kila mita nne aliangushwa na mtu wa kilo mia. Nilimwonyesha Mzee ile simu. Akaiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akasema tu kwamba hajawahi kuiwaza kwa miguu.

Huko ndiko nilikoanza kuwauliza hawa watu maswali ya baba yangu. Baba hakuwahi kusifu nguvu za hamali yeyote. Akisikia fulani amebeba magunia mawili kwa mpigo, aliuliza, "Kwa shilingi ngapi?" Alikuwa na neno lake: mzigo hupewa bei ukiwa chini. Ukishauweka begani, mwenye mali ameshashinda, kwa sababu huwezi kuutua katikati ya njia ukaanza kubishana. Nilipokuwa darasa la tano, walikuja mahamali wenzake wakakubaliana kwamba hakuna atakayeinua gunia la sukari chini ya bei mpya. Baba akasimama mbele ya ghala, akaitaja ile bei. Tajiri akatazama nyuma yake. Wanne kati ya wale wale waliokubaliana jana usiku walikuwa tayari wamepiga magoti wanatwaa magunia. Baba alirudi nyumbani saa tatu asubuhi, saa ambayo hatukuwahi kumwona nyumbani, akakaa barazani akamenya machungwa mpaka yakaisha.

Kwa macho hayo, aliyenipendeza katika historia yote ya Bears ni wa kwanza wao, ambaye Mzee alimpita haraka kwa kuwa ni wa enzi za babu yake. Red Grange. Kijana wa Wheaton, Illinois, ambaye kila likizo alibeba mabonge ya barafu akiyapeleka majumbani kwa watu, na aliendelea kuyabeba hata alipokuwa mchezaji wa chuo anayejulikana kuliko wote Marekani. Huyo ni hamali kwa maana halisi. Novemba 1925 alicheza mechi yake ya mwisho ya chuo na mara moja, bila kumaliza shahada, akajiunga na Bears. Watu waliona ni aibu. Mpira wa kulipwa ulikuwa kitu cha wahuni, mpira wa chuo ndio wa waungwana. Lakini alikuja na wakala, C. C. Pyle, aliyekubaliana na mwenye timu, George Halas, wagawane kile kinacholipwa mlangoni. Siku ya Shukrani, Novemba 26, walijaa watu 36,000 kuangalia mechi iliyoisha bila bao, sifuri kwa sifuri. Kisha wakazunguka nchi nzima: mechi 19 katika siku 67. Akaumia mkono njiani, mashabiki wakamzomea pale asipocheza, naye akaondoka na pesa ambazo wachezaji wenzake wa zama zile hawakuziota. Mwaka uliofuata wakaomba sehemu ya umiliki wa timu. Halas akakataa. Wakaanzisha ligi yao wenyewe!

Ligi ikafa baada ya msimu mmoja, na 1927 Grange akaumia goti, tena akicheza dhidi ya Bears. Alirudi kwao 1929 akiwa mchezaji wa kawaida, hodari zaidi wa kulinda kuliko wa kukimbia. Sawa. Lakini alitaja bei gunia likiwa chini. Goti lilipokatika, pesa zilikuwa zimeshaingia. Sijui kwa nini hafundishwi hivyo. Wao humtaja kama mzimu unaokimbia.

Bronko Nagurski alikuja 1930, jitu kutoka mpaka wa Kanada, ambaye hakumpita mtu kama angeweza kumkanyaga. Husimuliwa kwamba siku moja Wrigley Field aliwabwaga wawili watatu, akavuka mstari, akaendelea hadi akagonga ukuta wa matofali, kisha akarudi benchi akilalamika kwamba yule wa mwisho alimgonga kweli kweli. Ndiye aliyewafungulia njia wengine. Mwaka 1934 kijana mgeni, Beattie Feathers, akawa wa kwanza kwenye ligi kupitisha yadi 1,000 katika msimu, akikimbia nyuma ya mgongo wa Nagurski. Feathers yumo kwenye rekodi. Uzeeni Nagurski alikuwa na kituo cha mafuta huko International Falls, Minnesota, akitembea kwa magoti yaliyokwisha. Mzee alisema watu walimpenda kwa namna alivyofunga kifuniko cha tangi: alikikaza sana kiasi kwamba kituo kingine wakashindwa kukifungua, ikabidi mteja arudi kwake. Nilicheka, lakini nilifikiria magoti.

Basi ikaja kiangazi cha 2012. Mbeba mpira wetu wakati huo alikuwa Matt Forte. Nasema wetu kwa sababu aliingia timu mwaka nilioingia mimi Chicago, 2008, na nikamhesabu kuwa wa rika langu kazini. Hakuwa na mbwembwe. Alikimbia, akadaka, akawalinda wengine, akainuka. Mwisho wa 2011 aliumia goti, na mkataba wake ukawa umekwisha. Alitaka mkataba mrefu, timu ikamwekea kizuizi cha mwaka mmoja ambacho sheria zao zinaruhusu, yeye akakaa nje ya mazoezi.

Chumba cha mapumziko kikawaka. Ana tamaa. Anaringa. Analipwa mamilioni kukimbia na mpira, sisi tunavunjika migongo kwa saa. Kijana mmoja wa kutoka Kongo, Mswahili wa Lubumbashi tuliyekuwa tukipiga naye soga, naye akachangia: "Huyu si angeshukuru tu?" Na mimi, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali. Nilisema Payton asingefanya hivyo.

Mzee alikuwa akimenya yai. Hakuinua uso. Akasema, "Nimewasikia watu wanaolipwa kwa kubeba, wamekaa saa tisa za usiku, wanamtetea mwenye ghala."

Hakuna aliyejibu. Mimi niliona ukuta wa ghala la sukari na watu wanne wamepiga magoti.

Forte alipata mkataba wake Julai, miaka minne. Mimi wiki ileile nilikwenda kwa msimamizi kuomba nifundishwe foklifti, kazi ya kukaa, yenye malipo ya juu kidogo. Nikaambiwa ningoje. Nikangoja, kwa adabu, kama miaka miwili hivi. Hapo sina wa kumlaumu zaidi yangu, maana sikurudi kuuliza. Nilikuwa bado na kile kiburi cha kutokukosa usiku.

Januari 2014 baridi ilishuka Chicago hadi nyuzi 27 chini ya sifuri. Milango ya treila ilikuwa haifungi vizuri, unyevu ukaganda sakafuni. Nilikuwa nimekumbatia boksi la vipuri, nimepiga goti sawasawa kama nilivyofundishwa, nikainuka, nikageuka, na mguu wa kushoto ukabaki pale ulipokuwa. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu amevunja mhogo mkavu. Sikuliachia boksi. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo: nilikwenda nalo chini nimelikumbatia, kama mbeba mpira anayeogopa kudondosha.

Gegedu la goti lilikuwa limechanika. Nikafanyiwa upasuaji, nikakaa nyumbani wiki kumi, Mzee akinijia kila Jumapili na mkanda wa mechi za zamani. Siku hizo ndipo aliponionyesha Super Bowl, fainali ya ligi nzima, ya Januari 1986. Bears 46, New England 10. Ushindi wenye heshima kuliko wowote waliowahi kuupata, na Payton, aliyeibeba timu hiyo miaka kumi na moja, mibovu na mizuri, hakupewa nafasi ya kufunga hata tachidauni moja. Moja walimpa William Perry, mlinzi mnene aliyekuwa kipenzi cha televisheni mwaka ule. Ni kama mtu aliyepika pilau ya harusi tangu alfajiri, sahani ya kwanza akapewa mpiga picha. Mkufunzi Mike Ditka alikuja kusema baadaye kwamba anajutia. Mzee alisimamisha picha pale Perry anapofunga, akaondoka kwenda kusimama dirishani. Miaka 28 imepita na bado.

Akaniwekea pia mechi ya mwisho ya Payton, Januari 1988, walipofungwa na Washington 21 kwa 17. Watu wote wameingia ndani, yeye amebaki peke yake kwenye benchi, kichwa mikononi. Miaka 11 baadaye, Novemba 1, 1999, alifariki akiwa na miaka 45. Goti halikuhusika. Ini na mirija ya nyongo. Aliyekuwa karibu naye katika siku hizo ni Matt Suhey, yule aliyemtangulia uwanjani akimfungulia njia. Hapo Mzee alinigeukia, akaniambia kwamba amekosea kunifundisha Payton kwa miaka yote ile bila kunifundisha Suhey. "Payton hakuwa akipita peke yake hata siku moja. Wewe mlango wako unaubeba peke yako tangu uje, na hujawahi kuniita."

Niliporudi walinipangia mlango uleule. Nilimwambia msimamizi kwamba sitaubeba, nitaendesha foklifti au nitaomba ushauri wa wakili wa wafanyakazi. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, na nyuma yake yule kijana wa Lubumbashi, na wengine wawili. Hatukupanga. Nilipogeuka, maana niligeuka, niliogopa kuona magoti chini. Walikuwa wima. Wiki mbili baadaye nikaanza mafunzo. Nisijisifu: nilitaja bei gunia likiwa limeshanivunja. Grange ana haki ya kunicheka.

Februari 2016 Bears walitangaza kwamba hawatampa Forte mkataba mwingine. Alikuwa ametimiza miaka 30, amekimbia yadi 8,602 kwa ajili yao, wa pili katika historia ya timu nyuma ya Payton peke yake. Akaja Jordan Howard, akapita yadi 1,300 mwaka wake wa kwanza, baada ya misimu mitatu akauzwa. Akaja David Montgomery, akaenda Detroit. Nimeacha kujifunza majina mapya kwa moyo. Najifunza na mikataba yao.

Mzee alistaafu, akarudi Mississippi kwa dada yake. Septemba 2020, Sayers alipofariki baada ya miaka ya kupoteza kumbukumbu, alinipigia akanisimulia tena ile mechi ya matope, tachidauni moja moja, zote sita. Nilikuwa kwenye foklifti, nikaizima, nikamsikiliza.

Jioni ile nikampigia Baba. Yuko Majengo, bega lake la kulia halipandi tena juu ya sikio, chai anakunywa kwa mkono wa kushoto. Nilimsimulia habari za Payton kwa mara ya kwanza, maana sikujua nianzie wapi miaka yote hiyo. Nikamwambia kuhusu kilima, mafua, mechi moja tu aliyokosa. Nikamwambia Mombasa hadi Mtwapa, mara 3,838, na kila mara anaangushwa.

Baba akakaa kimya kidogo. Nikasikia redio yake nyuma.

"Na huyo," akauliza, "alikuwa yuwalipwa kwa gunia ama kwa siku?"

"Kwa mwaka, Baba."

"Kwa mwaka!" Akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena, akamwita mama aje asikie. "Magunia elfu tatu na mia nane, wee mama, kwa mwaka!"